Ujumbe Ambao Naivasha Haikuujua

Mimi nilikuwa mtu wa hasira hata kabla nchi nzima haijashikwa na hasira. Mwaka wa 2007 ulinikuta Nakuru, msichana wa miaka ishirini na kitu, nimeajiriwa na kampuni ya malori ya familia moja ya Masingasinga, na kila asubuhi nilipanda ngazi za ofisi nikijua kwamba kabla ya chai ya saa nne mtu atakuja kuniambia kompyuta imekataa. Kompyuta haikatai. Mtu hubonyeza kitu asichokijua, halafu anakuja na uso wa msiba. Nilisema hivyo mara nyingi hadi mafundi wa gereji wakaanza kusema hivyo kabla yangu, kwa sauti ya kuniiga, nami nikajifanya sisikii.

Kampuni ilikuwa na yadi mbili. Kubwa ilikuwa Nakuru: gereji chini, ofisi juu, na stoo ya spea ng'ambo ya barabara. Ndogo ilikuwa Naivasha, upande wa Kihoto, mahali ambapo mvua ikizidi madereva walivua viatu kabla ya kushuka garini. Huko kulikuwa na ukuta mrefu, geti la chuma, askari mmoja, karani mmoja na kompyuta moja. Malori yaliyopanda kutoka Mombasa yalipumzika hapo kabla ya kuendelea Nakuru na magharibi. Mzee mwenye kampuni alikuwa na sheria ambayo hata watoto wake hawakuthubutu kuichezea: lori halivuki geti bila karatasi ya geti. Tangu nilipoajiriwa, karatasi hiyo ilichapishwa na kompyuta, na kompyuta ya Naivasha haikuichapisha mpaka iwe imeuliza Nakuru.

Kazi hiyo niliitengeneza mimi na niliipenda, kwa hiyo nivumiliwe nikiieleza kidogo, maana bila maelezo haya yaliyotokea hayaeleweki. Programu ya Naivasha iliweza kuita kazi iliyokuwa ndani ya seva ya Nakuru kana kwamba zimekaa meza moja, na Nakuru nayo ikaita ya Naivasha vivyo hivyo. Kilichosafiri kwenye laini kilikuwa kama kifurushi. Ndani yake mlikuwa na habari, kwa mfano kwamba lori fulani limefika. Lakini kifurushi hakikubeba maagizo ya namna ya kukifungua. Maagizo hayo kila upande ulitakiwa uwe nayo tayari. Upande mmoja ukitumiwa kifurushi cha aina usiyowahi kuiona, unatazama anwani iliyopigwa juu yake, unaenda kwenye anwani hiyo kupitia mtandao, unachukua maagizo, unarudi, unafungua. Yote hayo kwa kufumba na kufumbua, bila mtu kujua. Ni kama kumtumia mama yako sufuria ya presha kijijini na kumwambia kijitabu cha maelezo kiko kwenye duka fulani mjini, akipitie.

Jambo hilo liliniteka kabisa. Wenzangu niliosoma nao, waliopata kazi Nairobi, walikuwa wakisafiri na diski mfukoni kutoka tawi hadi tawi kila programu ilipobadilishwa. Mimi niliongeza kitu kipya Nakuru, nikanywa chai, na Naivasha ikajichukulia yenyewe siku ilipokihitaji. Niliwatumia wenzangu barua pepe za kuwaringia.

Maagizo niliyaweka kwenye mashine ya stoo ya spea, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa tayari na kurasa za kuonyesha spea zetu, na stoo ilikuwa na laini yake ya mtandao. Mashine ya Naivasha niliifunza kuchukua maagizo kwenye anwani hiyo ya laini ya stoo tu, na kukataa penginepo pote. Anayekupa maagizo ndiye anayekuamrisha, na mashine inayopokea maagizo ya kila mpita njia itaishia kufanya kazi ya mwizi. Nilijivunia tahadhari hiyo, na hata leo sidhani kama nilikosea.

Ujumbe ulikuwa wa aina tatu: lori limetoka, lori limefika, lori lina ubovu. Hapo mwanzo palikuwa pia na nafasi ya maoni, mtu aandike anachotaka. Lakini karani wa Nakuru na yule wa Naivasha walikosana kwa sababu ya mambo ya harusi ya mtu, wakaigeuza nafasi ile kuwa uwanja wa kupashana. Kila lori lililofika lilifika na tusi. Mzee alisoma matusi mawili matatu, akavua miwani, akaniita. "Beti, toa hiyo kitu," akasema. Nikaitoa siku hiyo hiyo, na moyoni nikamuunga mkono.

Ubovu nao haukuandikwa, ulichaguliwa: taa, tairi, injini, breki. Breki zilikuwa na utaratibu wake peke yake. Miaka mingi kabla yangu, lori la mzee lilikosa breki kwenye mteremko, na mzee alihudhuria mazishi mengi mwaka huo. Tangu wakati huo, lori likiandikwa breki, karatasi ya geti haitoki, hata mzee mwenyewe akipiga simu kuomba, mpaka fundi mkuu alale chini yake, akague gurudumu kwa gurudumu, na kuweka namba yake ya siri. Kuandika breki pia kulihitaji namba hiyo hiyo. Dereva ambaye lori lake liliandikwa breki alitaniwa mwezi mzima kwamba anaendesha kwa maombi.

Kisha zikaja kura za mwisho wa Desemba. Yaliyofuata kila mtu wa Bonde la Ufa anayajua, na kila mmoja anayajua kivyake, sitayasimulia yote. Nitasema tu kwamba Januari ile kadi za simu ziliadimika madukani kuliko unga, na kwamba mtu alianza kusikiliza lafudhi ya kila aliyemwamkia. Malori yalisimama, kisha yakaanza kutembea kwa msafara wa polisi, kisha wenye haraka wakaanza kutembea peke yao.

Mzee aliniagiza nitengeneze ujumbe wa aina ya nne: barabara imefungwa. Ukitumwa, kila lori ambalo njia yake inapita mahali hapo linyimwe karatasi, na karani aone kwenye skrini ni kwa nini. Niliutengeneza, nikaujaribu kati ya ofisi na stoo, ukafanya kazi bila kigugumizi. Mzee akasema usipelekwe Naivasha mpaka iwe lazima, karani asije akaingiwa na hofu akafunga ofisi na kukimbia. Sikuona ubaya. Ujumbe wa kwanza ukifika, Naivasha ingejua pa kwenda kutafuta maagizo.

Siku ninayoisimulia tulikuwa wawili tu kazini, mimi na fundi mkuu. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mkimya, mwenye kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini akiwa amelala chini ya gari. Kwao na kwetu si kumoja. Jambo hilo halikuwahi kutajwa gerejini miaka yote, lakini wiki zile lilikaa kati yetu kila tulipokunywa chai. Hatukulizungumza. Tulizidi kuwa na adabu tu, kila mmoja akimwongezea mwenzake sukari bila kuombwa, na adabu hiyo ilinitisha.

Ilikuwa imeshapita saa tisa alasiri lori letu moja lilipoingia kutoka Naivasha likiwa halina kioo cha mbele. Dereva wake alishuka, akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya tairi kuukuu. Fundi alimpa maji. Alituambia kwamba alipopita Gilgil, akikaribia Kariandusi, alikuta mawe na magogo barabarani na vijana wengi. Wanaitisha kitambulisho, wanasoma jina, halafu wanaamua. Jina lake lilimpitisha, lakini kioo walikivunja hata hivyo. Mbele yake kulikuwa na mtu ambaye jina lake halikumpitisha. Hapo akaangalia yale maji.

Nilimuuliza ni nani aliyeko nyuma yake. Akasema ni yule dereva wetu wa magharibi. Amemwacha yadi ya Naivasha akila, anataka kutoka saa kumi afike Nakuru kabla ya giza.

Dereva huyo ndiye aliyekuwa akiniletea nazi kutoka Mombasa na kuniita daktari, kwa sababu eti nilipima mashine homa. Alikuwa mtu mzima, baba wa watoto watatu walioko Kitale, na jina lake likisomwa kwenye kitambulisho hakukuwa na haja ya kuuliza swali la pili. Na muda wa kumzuia ulikuwa chini ya saa moja.

Nilipiga simu ya karani: mteja hapatikani. Simu ya dereva: mteja. Alikuwa na tabia ya kuizima akipumzika ili betri isiishe, tabia ambayo nilishamsema kwayo. Nikamtumia kila mmoja ujumbe mfupi, lakini siku hizo ujumbe mfupi ungeweza kufika kesho kutwa. Simu ya mezani ya yadi ilikuwa imekufa tangu waya zilipoibwa. Namba ya polisi ilikuwa na shughuli kila nilipoipiga, na salio langu likaishia hapo; fundi na dereva hawakuwa na kitu kwenye simu zao. Kitu pekee kilichokuwa hai kati yetu na Naivasha ni laini ya data. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka kwenye kona ya ofisi, nami nikasema moyoni, haya basi, kazi ndiyo hii.

Niliutuma ujumbe wa nne. Barabara imefungwa, mbele ya Gilgil.

Jibu lilirudi karibu papo hapo, na halikuwa jibu nililolitaka. Kifurushi kilikuwa kimefika Naivasha salama. Mashine ya Naivasha ilikipokea, ikaona ni cha aina isiyoijua, ikaenda kwenye anwani iliyopigwa juu yake kutafuta maagizo, ikagonga, haikufunguliwa. Basi ikakitupa, na ikanijulisha kwa unyenyekevu kwamba haijui nilichotuma ni kitu gani.

Nilikimbilia dirishani. Ng'ambo ya barabara milango ya stoo ilikuwa imeshushwa, na hapo nikakumbuka. Stoo iliwahi kuungua zamani kwa cheche za kuchomelea, na tangu hapo mzee hakukubali ifungwe na umeme ndani. Ikifungwa zaidi ya siku moja alizima swichi kuu kwa mkono wake na kuondoka na funguo. Mimi mwenyewe nilimwona akifanya hivyo siku mbili nyuma, nikamuaga, nikapanda ngazi nikiwa nafikiria mambo yangu. Mashine iliyobeba maagizo ilikuwa imekaa gizani mita chache kutoka nilipokuwa nimesimama. Mzee alikuwa hekaluni kwao, akiwapikia watu waliokimbia makwao, na simu yake haikuingia.

Fundi alikuwa amepanda ngazi nyuma yangu. Nilimweleza kwa haraka, nikikatakata maneno. Aliangalia milango ile akasema gesi ya kukatia vyuma ipo, kufuli si kitu. Kisha sote wawili tukaangalia barabara. Gari la askari lilikuwa linapita polepole, wamekaa na bunduki zikiangalia nje. Mtu aliyeonekana akikata kufuli la stoo Januari ile hakuulizwa stoo ni ya nani. Fundi alikuwa tayari ameshavaa glavu. Nikamwambia azivue.

Nikarudi kwenye kiti. Maagizo yenyewe nilikuwa nayo pia kwenye mashine yangu, kwa kuwa ndipo nilipoyaandikia. Basi nikabadilisha anwani inayopigwa juu ya kifurushi, nikaweka anwani ya laini ya ofisi, nikatuma tena. Safari hii Naivasha haikusema haijui. Ilisema haina ruhusa. Anwani ile ilikuwa ngeni kwake, na nilikuwa nimeifunza kutomwamini mgeni. Anwani ya stoo nayo ilikuwa mali ya laini ya stoo. Nisingeweza kuing'oa huko na kuivaa huku. Na ruhusa ingebadilishwa na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta ya Naivasha, yaani karani, ambaye sikuwa na njia ya kumwambia lolote. Kukata laini nako kusingesaidia, maana Naivasha ikikosa jibu, au ikipata hapana isiyo na ubovu ulioandikwa, karani aliruhusiwa kuandika karatasi kwa mkono.

Nilipiga meza kwa ngumi. Nilitukana kwa lugha ya mama yangu, mbele ya fundi, katika wiki ambazo watu walikuwa waangalifu sana na lugha za mama zao. Niliogopa. Nataka kulisema wazi kwa sababu baadaye watu walinisifu kwamba nilitulia. Sikutulia hata kidogo. Akilini nilimwona yule dereva akifuta mikono baada ya chakula, akitafuta funguo, akienda dirishani kwa karani kuomba karatasi yake, na kila kitu nilichokuwa nacho cha kumzuia kilikuwa ni ujumbe ambao upande wa pili haukuwa na namna ya kuufungua.

Halafu nikaacha kufikiria nilichotaka kusema, nikaanza kufikiria Naivasha inajua nini tayari. Inajua limetoka. Inajua limefika. Inajua ubovu. Maagizo ya hayo ilikuwa nayo tumboni mwake tangu mwaka uliopita na haikuhitaji kwenda kuyatafuta popote.

"Fundi," nikasema, "nahitaji namba yako. Nataka kuandika breki."

"Breki za nani?"

Nikamwambia. Hakusogea.

"Hizo breki nilizifanya na hii mikono yangu kabla ya Krismasi. Ziko sawa."

"Najua ziko sawa."

"Sasa unataka niweke namba yangu kwa uongo?"

Nilijaribu kumweleza lakini aliendelea kusimama pale, akizungusha glavu mkononi. Alisema tangu apewe namba ile hajawahi kuiweka mahali ambapo hakulala chini ya gari kwanza. Alisema mzee alimpa namba mbele ya familia yake yote. Alisema dereva yule ataharibiwa jina. Kila sentensi yake ilikuwa ya kweli, na kila moja ilikula dakika. Nikamuuliza kama kweli anazilinda breki, au anawalinda watu wake walioko barabarani.

Fundi aliniangalia, wala si kwa hasira. Angenikasirikia ingekuwa afadhali. Akaweka glavu juu ya meza.

"Hiyo umesema, madam, tutaiongea siku ingine," akasema. "Sogea."

Akainama juu ya kibodi, akaandika namba yake kwa kidole kimoja, kwa uangalifu, kana kwamba tarakimu zile zina ncha. Nikachagua lori, nikachagua ubovu, nikachagua breki, nikatuma. Naivasha ikapokea na kuelewa bila kuuliza kitu. Lori limezuiwa.

Lakini hatukujua kama tumewahi. Ikiwa karatasi ilikuwa imeshachapishwa na lori limeshavuka geti, karani alipaswa kutuma kwamba limetoka, ila karani yule alikuwa na mazoea ya kunywa chai kwanza. Tulikaa tukiangalia skrini, mimi kitini, fundi amesimama nyuma yangu ananuka grisi. Hakuimba.

Kisha ombi likaja. Naivasha inaomba karatasi ya geti kwa lori lile. Seva ikajibu hapana, breki. Yuko ndani ya ukuta bado.

Ombi likaja tena. Hapana, breki. Likaja la tatu, la nne, yakifuatana. Sikuhitaji kuwepo Naivasha kujua kinachoendelea pale dirishani: dereva amemsimamia karani, anamwamrisha abonyeze tena, anasema breki zake ni nzima, nani mjinga ameandika hivi. Kila ombi lilikuwa sauti yake ikipanda. Fundi alianza kutikisa kichwa kila lilipoingia. "Tulia, bwana," akawa anaiambia skrini kwa sauti ya chini. "Tulia."

Halafu maombi yakakoma, na huo ukimya ukawa mbaya kuliko makelele. Geti ni chuma tu. Askari ni mmoja. Dereva mwenye hasira na lori la tani nyingi akiamua kuondoka ataondoka. Tulikaa hadi jua likaanza kuingia chini ya pazia na kutuumiza macho. Ujumbe wa limetoka haukuja. Saa ya kufunga ilipopita fundi alisema kwamba lori lile sasa halitatoka, giza limekaribia, na akaniuliza kama nimekula. Sikuwa nimekula. Akatoa mkate kwenye mfuko wake wa plastiki, akaukata katikati, tukaula bila chai.

Siku iliyofuata mzee alifungua stoo na kuwasha swichi. Alipokwisha kusikia habari yote alimshika fundi mabegani. Mimi nikautuma ujumbe wa nne tena, ili tu nione. Naivasha ilienda kwenye anwani, ikachukua maagizo, ikarudi, ikafungua, ikamwonyesha karani kwamba barabara imefungwa mbele ya Gilgil. Kwa kufumba na kufumbua, kama nilivyokuwa nikiwaringia watu. Nilitaka kuichukua mashine ile niitupe dirishani.

Dereva alifika Nakuru baada ya siku kadhaa, amepanda ndani ya msafara wa polisi kwenye lori la mwenzake mmoja, lake likiwa limefuata likivutwa, kwa kuwa lori lililoandikwa breki huvuka geti kwa kuvutwa tu, na utaratibu ni utaratibu. Nilisikia hatua zake kwenye ngazi. Nilikuwa nimejiandaa kwa namna ya kijinga. Nilidhani ataniita daktari, nilidhani labda atalia, nami nilikuwa nimepanga la kusema. Alisimama mlangoni akiwa amevaa koti ingawa kulikuwa na joto.

"Nani aliandika breki zangu ni mbaya?"

"Ni mimi."

Fundi alikuwa amemfuata kutoka gerejini. "Na namba ni yangu," akasema.

Nikamweleza habari ya barabara. Alikuwa ameshaijua, nchi nzima ilikuwa imeshaijua. Akakaa kwenye benchi na kutusimulia yeye, polepole, bila kuinua sauti. Kumbe siku ile nje ya ukuta wetu kulikuwa na lori lingine, la kampuni nyingine, na dereva wake alikuwa mtu wa kwao, walisoma shule moja. Walikubaliana watoke pamoja, wafuatane, mmoja akipata shida mwingine amwone. Yule rafiki alisubiri nje, injini inanguruma, wakati yeye anagombana na karani. Dereva wetu alitoka mara mbili kumwambia avumilie kidogo. Mara ya tatu alimwambia aende tu, kwa sababu yeye anaambiwa breki zake ni mbovu.

"Akanicheka," akasema dereva. "Akasema atanitafutia chai Nakuru. Akaenda."

Chini gerejini mtu alikuwa anagonga chuma.

"Sasa mimi nauliza tu, daktari. Hiyo karatasi ingesema ni barabara, si ningemwambia ni barabara? Breki ni zangu. Breki zangu yeye zinamhusu nini?"

Nilianza kumweleza. Nilimwambia juu ya ujumbe wa nne, na maagizo, na kwamba maagizo yalikuwa stoo na stoo ilikuwa imezimwa, na kwamba breki ndilo jambo pekee ambalo Naivasha ingelielewa. Nilifika katikati nikajisikia ninavyosikika, nikaacha. Alikuwa ananisikiliza kwa heshima, mikono magotini, kama mtu anayesikiliza tangazo la benki. Nilitamani anipigie kelele kama alivyompigia karani.

"Sikulaumu," akasema. "Mimi si niko hapa." Akainuka, akafunga vifungo vya koti. "Yeye yuko mochari. Mzee amenipa lori nimpeleke kwa mama yake, nifuatane na msafara wa leo. Lakini askari wa geti anasema halitoki. Ati ni breki."

Fundi aligeuka akashuka. Kutoka dirishani nilimwona akilala chini ya lori lile lile, lenye breki alizozifanya mwenyewe kabla ya Krismasi, na kukagua gurudumu la kwanza, la pili, la tatu, bila haraka, akigonga, akishika, akipangusa. Dereva alisimama karibu akamshikia tochi. Walipomaliza fundi alinawa mikono, akapanda, akaweka namba yake. Nikaandika kwamba breki ni nzima, na karatasi ikachapishwa.

Dereva aliipokea kwa mikono miwili. Aliisoma yote, kuanzia jina la kampuni juu hadi tarehe chini, mtu ambaye kwa miaka aliitia mfukoni bila kuitazama.

"Na barabara?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui.